Faili Lililokaa Toharani Kwaresima Nzima

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa hawezi kukaa chini. Ukimpa kiti atakiegemea, ukimpa chai atatembea nayo mpaka ipoe, na hata kwenye misa, padre anahubiri na watu wazima wanasinzia kwa heshima zao, yeye utamwona anahama kutoka nyuma ya besi kwenda pembeni ya sauti ya kwanza na kurudi tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kitu kimoja tu kilimkalisha, nacho ni kompyuta ya mtu mwingine. Mwonyeshe kompyuta inayosuasua, atavuta kiti, atakaa, na hutamwinua mpaka aipekue yote.

Sijui alizaliwa wapi na sikuwahi kumuuliza. Alisomea ualimu Butimba, hilo tulilijua kwa sababu alilitaja kila alipokasirika: "Butimba hatukufundishwa hivi!" Alistaafu shule ya msingi kabla mimi sijaanza kazi. Mimi nauza vipuri vya pampu za maji pale Buzuruga, karibu na stendi, na jioni naimba sauti ya kwanza. Mama yangu aliiimba kabla yangu, na solo zote za kwaya zilikuwa zake. Nitajaribu kumweleza huyu mzee, ila msitegemee nimweleze kwa utulivu. Nilikaa na hasira naye muda mrefu, na hasira hiyo hata leo ukinigusa vibaya unaikuta.

Tuanze na ugonjwa wake. Kila programu unayoiweka kwenye kompyuta, alituambia, unaifundisha unavyopenda: herufi ziwe kubwa kiasi gani, sauti iwe juu au chini, rangi ipi. Programu inayaandika mapendeleo hayo kwenye kafaili kadogo, kisha inakaficha kwenye folda ambayo mtumiaji wa kawaida haioni. Siku ukiichoka ukaiondoa, programu inaondoka na kafaili kanabaki. Mwaka hadi mwaka yanarundikana. Mimi nilikuwa nimesoma mahali kwamba mafaili hayo hayali nafasi yoyote ya maana, nikamwambia. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kunguni ni wadogo.

"Kabula, mpangaji amehama, kakuachia masufuria machafu uvunguni. Utalala vizuri?"

"Kama sijui yapo, nitalala."

"Ndiyo maana mimi silali."

Akarudi kwenye kioo cha kompyuta ya dukani kwetu, ambayo hakuna mtu aliyekuwa amemwomba aiguse. Alikuwa amekuja kununua mpira wa bomba.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya kimwalimu kabisa. Aliifungua ile folda iliyofichwa, akayapanga mafaili kuanzia lililoguswa zamani zaidi, halafu akayaita majina kwa sauti, kama anaita mahudhurio ya darasa la tatu. Akitaja jina, anaangalia kama programu yake bado ipo. "Upo? Upo, kaa." Linalofuata. "Upo? Hupo." Ambaye hayupo hakumfuta hapohapo. Alimhamishia kwenye folda aliyoitengeneza mwenyewe katika kila kompyuta aliyowahi kuigusa, jina lake TOHARANI, kwa herufi kubwa. Anazima kompyuta, anaiwasha, kisha faili linakaa humo wiki nzima. Kama kuna programu italia kwamba imepotelewa na mapendeleo yake, faili linarudishwa lilikotoka. Wiki ikipita kimya, linafutwa. "Tusimhukumu mtu siku hiyohiyo," alisema, na sisi tulicheka kwa sababu kwenye mazoezi aliwahukumu watu dakika hiyohiyo.

Na kweli aliwahukumu. Alikuwa na ulimi wa pilipili. Angeweza kusimamisha wimbo katikati, akamnyooshea kidole mtu mzima mwenye wajukuu na kusema, "Wewe unaimba kama mlango usiopakwa mafuta." Kuna mzee wa sauti ya tatu aliyehama parokia kwa sababu yake. Mimi mwenyewe aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba nina sauti nzuri na masikio mabovu. Nililia njia nzima, na kesho yake nilirudi, maana tulimwamini. Mtu anayekuambia ubovu wako bila kupepesa macho, siku akikusifu unajua umesifiwa. Mama alikuwa hapati karipio hata moja. "Mwigeni Mama Kabula," alisema. "Mwangalieni anavyoifikia ile ya juu bila kunyanyua mabega." Tuliangalia, tukaiga.

Mtu mwenye chuki hiyo na masalia ungedhani nyumbani kwake kunang'aa. Thubutu! Nilikwenda Kisesa anakoishi kumpelekea sare za kushonewa nembo, nikakuta sebule huwezi kupita bila kugeuka ubavu. Vinanda vitatu vilivyokufa vimesimamishwa ukutani, redio isiyo na vitufe, na kopo la maziwa limejaa funguo ambazo hata yeye hakujua za milango gani. Mkewe alinipokea kwa kicheko cha mtu aliyekwisha kata tamaa.

"Muulize lini atavitupa," akaniambia. "Muulize wewe, mimi nimechoka."

"Vitaombwa," alijibu Mwalimu kutoka chumba cha pili, kabla sijauliza chochote.

Kichekesho kikubwa kilikuwa ofisi ya parokia. Huko alikuta kwenye kompyuta ya karani masalia ya mchezo wa karata, mchezo wenyewe ukiwa umeshaondolewa, ila mapendeleo yamebaki na yanaonyesha mchezaji alipenda karata zenye picha ya simba. Hakumtaja mtu. Jumapili hiyo, kwenye mazoezi, alisema tu kwamba wapo wanaodhani wakiondoa kitu wamekiondoa. "Kikulacho ki nguoni mwako," akamalizia, na karani, ambaye anaimba sauti ya tatu kwetu, akawa na kazi nyingi ya kutafuta ukurasa.

Besi nao walikuwa na malalamiko yao ya siku nyingi. Walidai nyimbo zimekuwa za chini mno. Kiongozi wao, fundi magari mwenye kifua kipana, alisema waziwazi: "Mwalimu, sisi siku hizi hatuimbi, tunachimba kisima." Mwalimu alimjibu kwamba besi kazi yake ni kuchimba, na kama wanataka kupanda miti waende sauti ya kwanza. Watu wakacheka, na hayo yakaisha. Nasema yakaisha kwa sababu hakuna aliyejiuliza. Kwaya yetu inasoma nota za do-re-mi, na do inakuwa pale kinanda kinapoiweka. Kinanda chenyewe kilikuwa bubu bila laptopu ya kwaya: unabonyeza hapa, sauti inatoka kule, kwenye programu. Laptopu hiyo hakuna aliyeigusa ila Mwalimu.

Sasa inabidi nieleze Kwaresima ya kwaya yetu. Parokia nyingine hupiga kinanda taratibu kusindikiza waimbaji, na inaruhusiwa. Kwa Mwalimu haikuruhusiwa. Jumatano ya Majivu alichomoa nyaya zote, akakifunika kinanda kwa kitambaa cha zambarau, na tangu hapo hata mazoezi ya nyimbo za Pasaka tuliyafanya kwa mdomo mtupu. Yeye alitupa sauti ya kuanzia kwa kuvuma puani, nasi tukaidaka. Alisema kinanda nacho kina dhambi zake, acha kifunge.

Ile Kwaresima ninayoisema, laptopu ilikuwa inajikokota. Alikuwa anachapa karatasi za nyimbo za Pasaka na kila ukurasa unamchosha roho. Basi akafanya alichokifanya siku zote. Akaifungua folda, akaita mahudhurio. Katika mafaili hayo kulikuwa na moja lenye jina la programu ya kinanda ya zamani, ambayo ilishapewa toleo jipya na jina jipya. "Upo? Hupo." Likaenda toharani. Asichokijua ni kwamba toleo jipya lilikuwa bado linayasoma mapendeleo yake kwenye faili lile lenye jina la zamani. Wiki ikapita kimya. Yeye, kwa kuwa alikuwa mtu wa huruma kwa mafaili, akaliongezea wiki nyingine, na nyingine. Nani angelia? Programu ya kinanda haikufunguliwa hata mara moja Kwaresima nzima. Jumamosi Kuu akalifuta.

Jumapili ya Pasaka misa ya kwanza ilikuwa yetu. Kanisa limejaa mpaka nje kwenye mawe, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanateleza, na mpiga kinanda wetu ana hamu kama mbwa aliyefungwa. Ulipofika Utukufu akazikandamiza zile nota za kwanza, na mimi nikahisi kuna kitu kimekwenda mrama. Wimbo ni uleule, ila tulikuwa kama tunapanda ngazi iliyoongezwa vipandio usiku tukiwa tumelala. Sauti ya pili wakakunja nyuso. Mimi nikawa naimbia shingoni. Besi peke yao walifurahi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka walikuwa wanaimba wakiwa wima.

Mwalimu aligeuka kuitazama laptopu. Alijua. Nilimwona anavyojua. Lakini Utukufu wa Pasaka huwezi kuusimamisha, kengele zinalia na watu wanapunga vitambaa, na solo ya Mama ilikuwa inakuja mbio. Akaninyooshea mimi kidole, akipiga ishara kwamba nichukue. Mama alikiona kile kidole. Akanitazama, akamtazama yeye, akapiga hatua moja mbele kabla sijafungua mdomo.

Alianza vizuri. Ile ya juu alipoifikia haikuwepo. Sauti ilitoka nusu, ikakwaruza, ikakatika, na kukawa na pengo ambalo kinanda kiliendelea kutembea ndani yake peke yake. Wanawake wa mabenchi ya mbele wakalipuka kwa vigelegele, vya kuziba, kila mtu anajua vigelegele vya kuziba vinavyolia. Mimi nikaichukua solo nikaimaliza, maana lazima mtu aimalize. Mama alifunga kitabu chake. Alisimama nasi mpaka baraka ya mwisho, midomo imefungwa.

Nyumbani alikuwa ameacha sato tayari wameshapakwa chumvi na ndimu. Hakuwakaanga. Alifua sare yake ya kwaya, akaipiga pasi ikiwa bado mbichi, akaikunja.

"Utamrudishia Mwalimu," akaniambia. "Sauti imekufa Kwaresima hii. Imeondoka hata kuaga haikuaga."

Nilimwambia ni uchovu, ni mfungo, ni vumbi. Nimeshamwona mama yangu akizika mume, na siku ile alikuwa na uso uleule.

Jumatatu ya Pasaka, natoka kuchota maji, nikamkuta Mwalimu nje ya geti letu anakwenda na kurudi. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi, ila vumbi alishalichora njia. Akanieleza yote pale getini, harakaharaka, macho yakiwa barabarani. Kwamba faili lile ndilo lililokuwa na amri ya kukishusha kinanda. Kwamba alikishusha mwenyewe, zamani, kwa ajili ya Mama, akawa anaongeza kidogo kila sauti yake ilipopungua. Kwamba mambo yamekaa hivyo miaka na yeye mwenyewe alishasahau amri inakaa wapi.

"Sasa nifanyeje, Kabula? Nikinyamaza, anajua sauti yake imekufa asubuhi moja mbele ya watu. Nikisema, anajua ilikwisha zamani na mimi nilimficha. Naweza kukirudisha chini leo hii. Jumapili aje aimbe, aone alikuwa mgonjwa tu."

Huyu aliyeniita mimi masikio mabovu mbele ya kwaya nzima! Huyu aliyemfukuza mzee wa watu kwa ukweli wake! Ukweli alikuwa anao wa kuwagawia wote, akamnyima mama yangu peke yake, kana kwamba ni mtoto wa kupewa dawa ndani ya ndizi.

"Mwambie," nikasema. "Ingia umwambie, leo, kwa mdomo wako. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi."

Akaingia. Akasema, "Tumsifu Yesu Kristo," na Mama akaitikia, "Milele amina, karibu Mwalimu," akaniagiza chai. Mwalimu akakaa. Alikaa kwenye kochi, mikono magotini, bila kompyuta yoyote, na mimi ndipo nilipoogopa.

"Mama Kabula, jana hukukosea."

"Nilikosea mbele ya parokia nzima. Usinibembeleze."

"Kinanda ndicho kilichopanda."

"Kilipanda kutoka wapi?"

"Kutoka pale nilipokuwa nimekishusha."

Mama aliweka kikombe chini. "Ulikishusha lini?"

"Tulipomzika Baba Kabula. Uliporudi mazoezini sauti ilikuwa imekaa chini, mama. Nikasema nikishushe kidogo, mpaka arobaini iishe."

"Arobaini iliisha."

"Iliisha."

"Ukakirudisha?"

Mwalimu akatazama mlango. "Nikakishusha tena."

Nje kunguru walikuwa wanagombania vichwa vya wale sato, maana mwishowe tuliwagawia majirani.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo nimesimama mbele za Mungu naimba uongo."

"Wewe uliimba wimbo. Kinanda ndicho kilichodanganya."

"Kinanda hakina mikono, Mwalimu." Akamsukumia Mwalimu kikombe. "Kunywa chai yako, uende."

Aliinywa yote, ikiwa ya moto, amekaa. Kisha akaenda.

Mama hakurudi kwaya. Niliimba solo zake kwenye kinanda kilichosimama pake pa kweli, na kila nilipoifikia ile ya juu nilimchukia Mwalimu upya. Shikamoo nilimpa, kwa sababu nimelelewa. Zaidi ya hapo hakupata kitu. Yeye naye hakuomba. Alizidi kutembea tu, na laptopu ya kwaya hakuipekua tena. Ilijikokota mpaka ikatia aibu.

Karibu na Pentekoste, tuko mazoezini, mlango ukafunguliwa, Mama akaingia na mwavuli wake. Alikipita kiti chake cha mbele, akanipita hata mimi, akaenda kukaa katikati ya sauti ya pili, wakasogeana kumpa nafasi.

"Mwalimu," akasema, kila mtu anasikia, "kinanda kikae mahali pake. Mimi nitatafuta pangu."

"Ndiyo, mama," Mwalimu akasema, akageuza karatasi ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

Walisameheana? Mama ukimuuliza anasema, "Sisi tunaimba." Mimi niliendelea kununa. Wa kukosewa alikuwa yeye, wa kununa nikawa mimi, na hilo Mama amelicheka mpaka amelichoka.

Mwaka huu, mvua za vuli zimeanza, Mwalimu alikuja dukani. Si yuleyule tena. Mkono wake wa kulia, ule wa kutuongozea, umeanza kutetemeka, na mbaya zaidi unachelewa: anapoushusha ili tuanze, sisi tulipaswa kuwa tumeshaanza. Kwaya haijavurugika, na sababu ni Mama. Yeye ndiye anayetuanzisha. Kabla ya kila ubeti anavuta pumzi kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuinua ndoo, na sote, kuanzia sauti ya kwanza hadi besi, tunaingia na pumzi ile. Macho tunamtazama Mwalimu. Hatukuwahi kukaa kikao juu ya jambo hilo. Hakuna hata aliyelitaja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hii kompyuta yenu bado inasuasua?"

Ilikuwa inasuasua. Akavuta kiti, akakaa, akaifungua ile folda. Toharani yake ya zamani ilikuwa bado ipo, tupu. "Upo?" akaanza. "Upo, kaa. Upo? Hupo." Kipanya kilimponyoka mara kwa mara, akilenga faili moja anashika la jirani yake. Mteja aliyetaka vali akasimama mlangoni, nikampa ishara asubiri. Nilikuwa nasubiri nini mimi, sijui. Mwalimu akaacha kuita majina, mkono wake juu ya meza unagonga wenyewe.

"Kabula," akasema bila kugeuka, "wewe hujawahi kunificha kitu. Hata pale getini hukunificha. Jumapili nimeona mmeingia kabla mkono haujashuka. Mnanifuata mimi bado, au mmeshajipangia wenyewe?"

Mteja alikuwa anatutazama. Gari la kwenda Magu lilikuwa linapiga honi stendi. Nilikuwa na ukweli wote mdomoni, mzima, na pumzi ya mama yangu ndani yake.

"Tunakufuata wewe, Mwalimu," nikasema, na sauti yangu haikukatika.